Matofali ya Hilversum



Hilversum ni mji wa wastani ulioko kusini-mashariki mwa Amsterdam, mwendo wa kama nusu saa kwa gari la moshi. Waholanzi huujua kwa redio na televisheni, kwani mashirika yao ya utangazaji yamekaa hapo tangu miaka ya 1920. Wapenzi wa majengo huujua kwa jumba la baraza la mji. Sisi tulikwenda kwa sababu ya tatu, ambayo lau tungeitaja barazani kwetu Mombasa kabla ya safari, wazee wenzetu wangetuombea shifaa: tulikwenda kwa ajili ya vitofali vya plastiki wanavyochezea watoto.

Katika mji huo iko karakana ya wapiga chapa iitwayo Grafisch Atelier Hilversum. Mabwana wawili, Roy Scholten na Martijn van der Blom, ndio walioipatia sifa iliyofika mbali. Walivipanga vitofali vya Lego juu ya ubao wake, wakavipaka wino, wakavitia katika mashine ya kuchapia ya kizamani, wakachapa ndege. Ndege mmoja akafuatwa na mwingine, wa aina wanaoonekana huko kwao Uholanzi, kila mmoja ameundwa kwa vipande vya pembe nne na vichache vya robo duara. Ukitazama kwa mbali wamwona ndege, shingo yake na mdomo wake. Ukisogea karibu ndege hutoweka, pakabaki miraba na mistari.

Aliyetuonyesha picha za kazi hiyo ni binti wa ndugu yetu, anayeishi Amsterdam na mumewe na watoto wao wawili. Alituonyesha jioni, baada ya kutueleza jambo zito zaidi. Mwanawe wa kike, mwenye miaka tisa, alikuwa amegoma kwenda chuoni. Kiholanzi akisoma kwa ufasaha, na Kiswahili cha nyumbani akikifahamu ingawa hujibu kwa nadra, lakini herufi za Kiarabu alikuwa amezikataa kabisa. Sababu yake ni moja: zinakwenda kinyume. "Ami, hebu zungumza naye," alituambia mamake. "Wewe ni sheikh, huenda akakusikia."

Hatukuzungumza naye. Tumesomesha chuoni miaka mingi, na mtoto aliyegoma akipewa mawaidha na mgeni siku ya pili ya kufika kwake, huzidi kukaza shingo. Alikuwa ameketi chini na nduguye wa miaka sita, sanduku zima la vitofali limemwagwa zuliani, wakijenga kitu ambacho mmoja alikiita nyumba na mwenziwe akakiita meli. Tukauliza tu iwapo mji huo wa ndege uko mbali. Jumapili yake sote tulikuwa ndani ya gari la moshi.

Karakanani hatukuingia siku ile; tulitosheka na mji wenyewe, nao watosha. Jumba la baraza lilisanifiwa na Willem Marinus Dudok na kukamilika mwaka 1931. Ni masanduku ya matofali ya rangi ya manjano yaliyofifia, moja juu ya jingine, jingine limesogezwa pembeni, jingine limeinuliwa juu likawa mnara, na mbele yake pana bwawa lililotulia linalouonyesha mnara huo kichwa chini. Hakuna kuba wala nguzo za mapambo. Matofali yake ni membamba na marefu, yalitengenezwa kwa ajili ya jengo hilo, na jicho huyafuata safu kwa safu kama mistari ya kitabu. Mtoto wa kiume alisimama akaangalia, akatoa neno moja: "Lego!"

Hakukosea sana. Wajuzi wa ujenzi husema Dudok alivutiwa na kazi za Mmarekani Frank Lloyd Wright, naye Wright aliwahi kueleza mwenyewe kuwa alipokuwa mdogo mamake alimnunulia vipande vya mbao vya kuchezea vilivyobuniwa na Mjerumani Friedrich Froebel, yule aliyeanzisha shule za chekechea, na kwamba maumbo yale hayakumtoka vidoleni maisha yake yote. Kina mama wanaokanyaga vipande hivi usiku wakienda kufunika watoto, wakalalamika kwa haki yao, walikumbuke hilo kabla ya kuvitupa.

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri, kasri na jamu, kwenye nyasi karibu na bwawa, juu ya leso ambayo binti wa ndugu yetu huichukua katika mkoba kila atokapo. Wapita njia walitupisha kwa adabu. Watoto walimaliza andazi za mwisho huku wakibishana ni vipande vingapi vingehitajika kuujenga mnara ule.

Vitofali hivi asili yake ni mji mdogo wa Billund, nchini Denmark. Seremala Ole Kirk Kristiansen alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, na mwaka 1934 akaipa kazi yake jina Lego, kutokana na maneno mawili ya lugha yao yenye maana ya kucheza vizuri. Tofali la plastiki lilikuja baadaye, likifuata wazo la Mwingereza Hilary Fisher Page, na umbo tulijualo leo, lenye vifundo juu na mirija ndani ya kuvishika, haki yake ya uvumbuzi ilisajiliwa tarehe 28 Januari 1958. Matofali sita tu ya vifundo vinane, ya rangi moja, yaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Tulipomtajia mtoto wa kiume hesabu hiyo, alitaka kuanza kuhakikisha.

Wapiga chapa hawakukipenda kitu hiki kwa mchezo wake, bali kwa usawa wake. Chapa nzuri yataka uso ulio sawa. Herufi moja ikiwa fupi kwa unywele, karatasi haiigusi. Tofali la Lego lina kimo cha milimita 9.6, na bapa jembamba lina milimita 3.2, thuluthi kamili. Herufi za risasi zilizotumika katika matbaa za Kiingereza zina kimo cha milimita 23.3 hivi. Basi ukipanga matofali mawili na bapa moja unapata 22.4, na upungufu uliobaki huuziba kwa karatasi ngumu chini yake. Ndiyo maana kitu cha mtoto chaweza kuingia katika mashine ya mzee wa matbaa. Vipande vinavyofaa zaidi kwa juu ni vile vigae laini visivyo na vifundo. Vyenye vifundo navyo huchapa, lakini hutoa vidoa vya duara tu, jambo ambalo watoto hulipenda kuliko tulivyolipenda sisi.

Tukiwa njiani kurudi, mama wa watoto alituuliza swali ambalo tulikuwa tukilingojea. "Ami, na wale ndege? Si ni picha za vyenye roho?"

Swali lake ni la haki. Wanavyuoni wamehitilafiana katika mas'ala ya picha, na mwenye kutaka kujitenga na shaka hatumlaumu. Kilichothibiti ni kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia pazia lenye picha lililotundikwa nyumbani mwake, likakatwa likawa mito ya kuegemea, na kimethibiti vile vile kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo farasi mwenye mabawa, na Mtume alipoelezwa kuwa farasi wa Nabii Sulaiman walikuwa na mabawa, alicheka. Kwetu sisi, ndege wa vipande vya miraba anayechapwa na mtoto akakunjwa ndani ya daftari yuko karibu zaidi na farasi yule kuliko pazia lile. Kumweka katika fremu na kumtundika upande wa kibla ni jambo jingine. Tulimwambia hivyo, kisha tukaongeza kuwa vitofali hivi, kwa tabia yake, havimpendi sana ndege. Ndege ana mviringo, nacho kitofali hukataa mviringo. Kiko kitu kingine kinachokaa ndani ya mraba kama kwamba kilizaliwa humo.

Kitu hicho ni hati ya Kufi ya mraba. Mafundi waashi wa Iran na Asia ya Kati, karne nyingi zilizopita, waliandika kwa matofali yenyewe: tofali lililopakwa rangi ya kung'aa likipangwa kati ya matofali ya kawaida, mistari ikisimama na kulala bila ya kupinda, mpaka ukuta mzima ukasomeka. Mtindo huo huitwa banna'i, kutokana na neno la Kiarabu la mwashi. Ukuta wa namna hiyo uko katika kaburi la Khoja Ahmed Yasawi mjini Turkistan, Kazakhstan, lililojengwa kwa amri ya Amir Timur mwishoni mwa karne ya 14. Tuliwaonyesha watoto picha zake katika simu. Mtoto wa kike alizitazama muda mrefu kuliko tulivyotarajia, akauliza kwa Kiholanzi, mamake akatutafsiria: hayo ni maandishi, ama ni njia za kupotezea watu? Tukamjibu ni maandishi, na kwamba kwa asiyeyajua hayo mawili huwa ni kitu kimoja.

Usiku ule meza ya kulia ilitandikwa magazeti. Vifaa vyetu vilikuwa rangi nzito ya maji inayouzwa kwa ajili ya watoto wa shule, kipande cha sifongo cha kupakia, karatasi nyembamba, na kijiko cha mbao ambacho mgongo wake ndio uliokuwa mashine yetu. Rangi huwekwa kidogo juu ya sahani, sifongo hugonga-gonga sahani kisha vitofali, wala haisuguliwi, maana ikisuguliwa hujaza nafasi za kati. Karatasi hulazwa mara moja bila ya kusogezwa. Kijiko hupita juu yake kwa mizunguko midogo, huku mkono wa pili umeishika pembe moja. Kisha karatasi hubanduliwa polepole, na hapo ndipo nyumba yote hunyamaza.

Neno tulilochagua ni "Lamu", kwa kuwa nyanya ya watoto hawa amezaliwa Lamu na karatasi ingempelekea salamu. Tulikuwa na sababu nyingine ya kifundi. Kwa herufi za Kiarabu neno hili halina hata nukta moja: lam na alif ni vijiti viwili vilivyoshikana chini, kisha mim na wau ni vichwa viwili ambavyo kwa vitofali huwa miraba yenye tundu katikati, wa mwisho ukiwa na mkia. Kina mama watakaojaribu jambo hili nyumbani twawaomba wafanye hivyo hivyo, wachague majina ya miji, ya matunda, ya watoto wenyewe. Majina ya Mwenyezi Mungu na aya zake wasizichape katika mchezo ambao karatasi zake nusu huishia sakafuni na nyingine jalalani.

Tuliwaandikia neno katika kipande cha karatasi. Mtoto wa kike alilipanga juu ya ubao kwa uangalifu mkubwa, kama alivyoliona. Nduguye akapaka rangi ya buluu, ubao na vidole na sehemu ya kanzu yetu. Karatasi ilipobanduliwa, neno lilikuwa kichekesho: wau imeanza, lam imemaliza, mkia umeelekea kusikojulikana. Mamake alicheka. Mtoto hakucheka. Aliichukua karatasi akaenda nayo kwenye kioo cha ukumbini, na tulimwona kwa mlango akiisogeza na kuirudisha.

Aliporudi aliubomoa ubao wote. Akaanza upya kutoka mkono wa kushoto: lam na alif kwanza, kisha mim, kisha wau, mkia ukielekea kulia. Alipokuwa akipanga alituambia, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika-vunjika, mara ya kwanza tangu tufike: "Babu, juu ya tofali Kiarabu kinakwenda kama changu."

Tukamwambia ndivyo. Kila aliyewahi kuchonga muhuri wa Kiarabu tangu zamani amelazimika kuandika kutoka kushoto. Na Waislamu hawakuanza jana: huko Misri, tangu karne ya 10 hivi, walikuwako watu wakichapa kwa muhuri karatasi zenye aya na dua na kuziuza kuwa hirizi, karne nne na ushei kabla ya Gutenberg wa Ujerumani, na mabaki ya karatasi hizo yamefukuliwa Fustat, Cairo ya kale. Biashara yao hatuitetei, lakini mikono yao ilikuwa na ustadi.

Hapo mamake aliileta ile leso tuliyoswalia, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamefika kwake bila ya yeyote kuyapeleka. Wasomaji wetu wa Mombasa wanaijua chapa ya "Mali ya Abdulla" ya Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake limekuwa likiuza leso Mtaa wa Biashara tangu mwaka 1887. Wachache wanajua kwamba mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa iliyofuata, leso nyingi zilizovaliwa Mombasa, Lamu na Unguja zilichapwa Uholanzi, na miongoni mwa wachapaji wake ni kampuni ya Van Vlissingen ya mji wa Helmond, kusini mwa nchi ile ile tuliyokuwa tumeketi. Maneno ya leso za zamani yaliandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Basi fikirini fundi wa Helmond, Mholanzi asiyejua alif, ameinama juu ya muhuri wake akichonga kutoka kushoto kwenda kulia maneno ambayo bibi wa Lamu angeyasoma kutoka kulia kwenda kushoto, akayajibu kwa leso nyingine. Mtoto wa kike aliuliza kama fundi huyo alikuwa akikosea. Tukamjibu kuwa fundi aliyekosea alimharibia mwenye duka robota zima. Jibu hilo lilimfurahisha mno.

Chapa ya pili ilitoka sawa. Ya tatu ilikuwa nzuri zaidi, kwani rangi ilikuwa imeanza kukauka na kingo zikawa kali. Tulichapa saba kwa jumla, na hatukuweza kuzidisha, kwa kuwa nduguye alikuwa akividai vipande vyake virefu kwa sauti iliyozidi kupanda. Ubao ulibomolewa, vitofali vikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni; maji ya moto huvipinda, na vilivyopinda havichapi tena wala havishikani.

Kwa wale watakaouliza bei, Lego yenyewe ni ghali, na hapa kwetu huuzwa vitofali vya kuiga kwa bei nafuu. Vingine ni vizuri. Vingine havilingani kimo, na chapa yake hutoka na mapengo. Kabla ya kununua, pangeni vinne juu ya meza na mpitishe ukucha juu yake. Asiye navyo kabisa akate mraba katika soli ya ndara iliyochakaa, augandishe juu ya kibao. Kilichobaki ni kile kile, kioo pamoja.

Chuoni mtoto hajarejea bado, wala hatutawapa wasomaji wetu habari ya uongo. Mamake amesema mazungumzo yamekuwa mepesi kidogo, na kwamba karatasi tuliyomwandikia ameibandika juu ya kitanda chake, pembeni mwake ameongeza herufi nne alizozitafuta mwenyewe.

Chapa moja tuliibeba ndani ya msahafu wa safari mpaka Mombasa, tukampelekea shemeji yetu, nyanya yao. Alivaa miwani, akaisogeza dirishani. "Wau imekatwa mkia," alisema, "lakini ni Lamu." Akataka nyingine iliyo sawa. Tulipompigia simu mjukuu wake kumfikishia agizo hilo, alisema haiwezekani kwa sasa: vipande virefu vyote nduguye amevitia katika jahazi, na jahazi halibomolewi mpaka Jumapili.